Mwaka wa kwanza Mlimani, tangu wale 14

Chuo kimejaa sura mpya. Utawajua tu: bahasha ya kaki kwapani, anauliza Yombo iko wapi huku kasimama mbele ya Yombo. Karibuni jamani, wala hatuwacheki (sana).

Swali ambalo kila mmoja wao anauliza ni lile lile: nifanyeje nizoee? Mimi ni mtu wa historia, kwa hiyo jibu langu linaanzia mwaka 1961. Mnivumilie.

Oktoba 25, 1961, wiki sita na ushee kabla ya Uhuru, chuo kilianza. Siyo huku Mlimani. Kilianza mjini, mtaa wa Lumumba, kwenye jengo la TANU. Wanafunzi walikuwa 14, wote wa sheria, mwanamke mmoja tu, Julie Manning, ambaye baadaye, 1975, alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Kwa nini sheria? Kwa sababu nchi ilikuwa inakaribia kujitawala huku wanasheria Waafrika wakihesabika kwa vidole, na Makerere na Nairobi hawakuwa wanafundisha sheria. Chuo chenyewe kilikuwa chini ya mwavuli wa Chuo Kikuu cha London.

Hebu fikiria darasa la watu 14. Ukichelewa unaonekana. Usiposoma unaonekana. Huna pa kujificha. Leo ukikaa nyuma kabisa ya ukumbi kwenye somo la watu mia kadhaa unaweza kumaliza muhula mzima mwalimu hajui hata kama umezaliwa. Wengine wanaona hiyo ndiyo raha ya chuo. Mimi naona ndiyo hatari yake ya kwanza.

Mwaka 1963 Dar ikaungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na 1964 wakahamia huku kilimani, kilomita kama 13 kutoka katikati ya mji. Wakati huo ukifika chuo unakuta kila kitu. Chumba kipo, chakula kipo, ada inalipwa na serikali. Baba yangu mdogo alisoma hapa baadaye kidogo, na kila nikienda kwake lazima anikumbushe: "Sisi, mwanangu, tulikuta kitanda kimetandikwa. Kazi yetu ilikuwa kusoma na kubishana." Halafu ananiangalia kwa huruma.

Lakini msidhani kwamba wale hawakuwa na shida ya kuzoea. Shida yao ilikuwa nyingine: ukipewa kila kitu, aliyekupa atakuja kudai. Na alikuja kudai mapema sana.

Mwaka 1966 serikali ilitaka wasomi wote wapite Jeshi la Kujenga Taifa. Mpango ulikuwa wa karibu miaka miwili: miezi mitano kambini, halafu miezi 18 kazini kwenye fani yako ukilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wakakataa. Oktoba 22, 1966 waliandamana mpaka Ikulu, karibu 400, na majoho yao, na bango mojawapo likidai eti enzi za mkoloni zilikuwa afadhali. Sasa wewe nenda kamwambie Nyerere hivyo, miaka mitano baada ya Uhuru! Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika kwelikweli, akawarudisha nyumbani kwao. Palepale akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa chuoni mwaka uliofuata, 1967.

Kwenye hili watu hubishana mpaka leo. Mimi naona hoja ya mshahara ilikuwa na uzito, maana walikuwa wanaona wakubwa wakijinufaisha, na ndiyo maana Mwalimu aligusa mishahara. Ila lile bango lilikuwa upuuzi mtupu. Kijana anayesomeshwa kwa kodi ya mkulima wa pamba hawezi kumsifia mkoloni na mkulima akamwelewa.

Halafu hapa kuna kichekesho. JKT kwa mujibu wa sheria ilisimamishwa 1994 ikarudishwa 2013. Kwa hiyo wengi wa hawa wenye bahasha za kaki wametoka kambini juzijuzi, baada ya kumaliza kidato cha sita, na wanaimba nyimbo za mchakamchaka korido nzima. Jambo lililofukuzisha watu chuo mwaka 1966, kwao ni stori ya kuchekeshana.

Baada ya lile sekeseke na Azimio la Arusha la 1967, Mlimani pakabadilika. Ndipo ikaja hoja kwamba kila mwanafunzi, hata wa uhandisi, lazima aelewe nchi yake ilivyo. Hiyo DS mnayoilalamikia, ambayo taasisi yake ilianzishwa 1973, mizizi yake iko huko.

Ila kilichonivutia zaidi ni walichofanya wanafunzi wenyewe. Mwaka 1967 alikuja kijana kutoka Uganda anaitwa Yoweri Museveni. Yeye na wenzake wa nchi mbalimbali wakaunda USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, yeye akiwa mwenyekiti. Jumapili walikuwa na madarasa yao ya siasa, nje ya ratiba, bila mtihani. Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha historia, alikuwa karibu nao. Mwaka 1969 wakaanzisha jarida lao, Cheche, lililopigwa marufuku Novemba 1970.

Na hawakuishia kilimani. Mjini kulikuwa na ofisi za FRELIMO, na mwaka 1968 Museveni na wenzake wachache walivuka mpaka kwenda kuona maeneo yaliyokombolewa kaskazini mwa Msumbiji. Aliporudi akaandika utafiti wake kuhusu Fanon kwa kutumia aliyoyaona kule. Mambo aliyoyafanya baadaye kwao Uganda ni mada nyingine, tena ndefu. Ninachosema ni kwamba alikiona chuo kuwa kikubwa kuliko darasa.

Miaka ya baadaye naipitia haraka. Azimio la Musoma, Novemba 1974, liliamua watu wafanye kazi kwanza ndipo waje chuo, kwa hiyo mwaka wa kwanza ukajaa baba za watu na mama za watu. Machi 1978 yakaja maandamano ya kupinga marupurupu ya wakubwa, watu wakafukuzwa tena. Mwaka 1990 chuo kikafungwa kwa miezi kadhaa.

Kuanzia 1992 ndipo ulipoingia uchangiaji gharama, hatua kwa hatua, na hapo ndipo dunia ya baba mdogo ilipokwisha. Chakula, jitegemee. Chumba, kitafute. Sheria ya Bodi ya Mikopo ikapitishwa 2004, Bodi ikaanza kazi Julai 2005, na tangu hapo neno la kwanza analojifunza mwaka wa kwanza ni bumu. La pili ni kubebana, yaani kulala wawili kitanda cha mmoja. Mwaka 2017 zilifunguliwa zile hosteli za Magufuli, majengo 20 ya kulaza watu 3,840. Zimesaidia, lakini hazimalizi foleni.

Kwa hiyo mnaona kilichobadilika? Zamani chuo kilikufuata. Leo wewe ndiye unakifuata, na hakuna atakayekwambia kipo wapi. Anayeumia ni yule anayekaa mbali, anabadili daladala mbili, anakuja kusaini mahudhurio, anachukua madesa, anaondoka. Miaka mitatu anapita hivyo. Hajadisko, kafaulu vizuri tu, lakini Mlimani hajawahi kufika.

Maktaba mpya ilifunguliwa Novemba 27, 2018. Inachukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na ina nafasi ya vitabu 800,000. Wale 14 wa Lumumba wangezimia. Lakini wengi wetu tunaingia kufuata soketi ya kuchajia simu na intaneti.

Mimi ningekuwa mwenye bahasha ya kaki, ningeulizia East Africana. Humo kuna karatasi za Hans Cory, yule Mwaustria aliyezunguka nchi hii akikusanya sheria za kimila, na hati za Kiswahili za zamani zilizokusanywa na J.W.T. Allen, tenzi zilizonakiliwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu. Havitolewi nje, vinasomwa humohumo. Unajiandikisha, unasema unachotaka, unaletewa. Mara ya kwanza nilipoletewa faili nilikaa kama dakika tano siligusi, naliangalia tu.

Kingine: walimu wana saa za kuonana na wanafunzi, zimebandikwa mlangoni. Wengi wao wanakaa peke yao saa hizo kwa sababu hakuna anayebisha hodi mpaka matokeo yatoke vibaya. Nenda wiki ya tatu, na swali moja tu, hata dogo. Ndiyo njia pekee niijuayo ya kulirudisha lile darasa la watu 14.

Haya, naishia hapa, chaji inakata. Mwenye shangazi au mjomba aliyekuwepo siku ile ya majoho, Oktoba 1966, amuulize haraka, maana wanazeeka. Mimi nataka kujua kitu kimoja: siku walipofukuzwa, nauli ya kurudi nyumbani walitoa wapi?