Shamba la Shosho Liko Malindi

Mvua ya Aprili ikinyesha Mutuini, maji ya barabarani huwa mekundu kama strungi. Shosho alikuwa akiyatazama na kusema, "Shamba linahama." Nilidhani ni maneno ya uzee tu. Kumbe ni kweli, na lina mahali linapokwenda.

Vijito vya Dagoretti huingia mito ya Nairobi, nayo huingia Athi. Athi ikishakutana na Tsavo huitwa Galana, karibu na pwani huitwa Sabaki, kisha humwagika baharini kaskazini ya Malindi.

Huko kuna fitoplanktoni, vimea vya kijani visivyoonekana kwa macho. Ndivyo nyasi ya bahari; bila hivyo hakuna samaki. Ulaya, hustawi ghafla baridi inapoisha na jua kurudi, kisha hupungua naitrojeni na fosforasi zikiisha kwenye maji ya juu. Kwetu jua halikosi. Kinachokosekana ni rutuba, kwa sababu maji ya juu yenye joto hukalia yale baridi ya chini kama kifuniko cha sufuria. Basi bahari yetu husubiri: wakati wa kaskazi, mikondo inayokutana kaskazini mwa Kenya huinua rutuba kutoka chini, wakati wa masika, mito huleta yake.

Mwaka wa 2007 wanasayansi walichapisha habari za tumbawe la Malindi lenye miaka 300 hivi. Tumbawe hukua tabaka kwa tabaka, na humo hubaki bariamu inayoletwa na udongo wa mto. Kwa karne mbili bariamu ilikuwa kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupanda. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka wa 1899. Walowezi wakafuata, misitu ikafyekwa, na Waafrika wakabanwa kwenye vipande vya ardhi walivyolazimika kulima bila kupumzisha.

Utasema, si bahari imefaidika? Hapana bana. Rutuba ikija na tope jingi, mwanga haupenyi. Chakula kipo mezani lakini stima imepotea. Matumbawe nayo hufunikwa.

Shosho hayupo tena, na sehemu kubwa ya shamba ni ploti za kupangisha. Kimebaki kipande cha mabingobingo alichopanda kwenye mteremko. Mvua iliponyesha juzi nilitoka kuangalia. Yaliyopita kwenye nyasi yalitoka karibu meupe. Ya kando yake yalikuwa mekundu, yakiharakisha kwenda Malindi.