Mkono Uliobaki Mapajani

Siku ya kwanza ya mafunzo, katika ukumbi mmoja mjini Tanga, mwalimu alitutaka tuinue mkono: nani kati yetu aliwahi kutumia unga? Zaidi ya nusu waliinua. Akauliza tena: na nani ana ndugu anayetumia? Waliosalia wakainua wote, isipokuwa mimi. Nilikuwa muuguzi wa zaidi ya miaka ishirini, nikijulikana mtaa mzima wa Chumbageni, na saa ile ile mdogo wangu wa tumbo moja alikuwa maskani, pengine anasaka fedha ya kete ya kwanza. Mkono wangu ulibaki mapajani.

Sisi watu wa hospitali tulizoea kuamini kuwa ushauri ni jambo la cheti. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipogunduliwa Kagera mwaka 1983, nchini mwetu mshauri nasaha hakuwa mtu wa kumkuta kila zahanati. Kazi hiyo ilitufikia ikifuata maradhi. Tulifundishwa kumkaribisha mtu, kumweleza maana ya kipimo, kutunza siri yake. Basi nilipoitwa kwenye mafunzo ya ushauri wa waraibu nilikwenda kama mtu anayekwenda kuongeza ukurasa katika daftari lililokwisha kujaa.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Unguja, mikono imejaa makovu ya sindano, na shule aliiacha kabla ya kidato cha nne. Nilikereka, sifichi. Nilijiuliza huyu atanifundisha nini mimi.

Wiki ya pili akatueleza asili ya kazi yenyewe. Huko Boston, Marekani, katika miaka ya 1910, kasisi Elwood Worcester wa Kanisa la Emmanuel alimwajiri Courtenay Baylor, mlevi aliyeacha pombe, awasaidie walevi wengine. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, walikutana Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, na Bob Smith, daktari wa upasuaji, wote wawili walevi, na mazungumzo yao yakazaa chama cha walevi wanaosaidiana ambacho leo kimeenea dunia nzima. Kisha katika jimbo la Minnesota, hospitali ya Willmar ilianza kuwatumia watu walioacha pombe kama washauri, hata mwaka 1954 serikali ya jimbo ikakitambua rasmi cheo hicho. Sidhani kama wauguzi wote wa Willmar walifurahi. Mimi nisingefurahi.

Alitueleza pia kuwa heroini yenyewe ilianza kuuzwa na kampuni ya Bayer mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi. Nilikumbuka kuwa mwaka ule Tanga ilikuwa chini ya Wajerumani hao hao. Lakini kwetu haikuingia kwa mlango huo. Ilikuja miaka ya 1980, kwa bahari na kwa mabaharia, nayo pwani yetu, tangu mpaka wa Horohoro hadi Pangani, imejaa bandari bubu ambako jahazi linaweza kushusha mzigo usiku na kupandisha tanga kabla ya adhana ya alfajiri. Mwanzoni vijana waliivuta. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaenea ile nyeupe, inayoyeyuka upesi kwenye maji, na sindano zikaingia, zikiwa na UKIMWI ndani yake. Wa kwanza kusimama kuwasaidia mateja, huko Unguja, wengi wao walikuwa mateja wenzao walioacha. Walifungua nyumba za kuishi bila dawa, zile tunazoziita soba, wakafuata hatua kumi na mbili za wale walevi wa Marekani.

Hapo ndipo tulipobishana. Februari 2011 Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu, na mimi niliitetea kwa sauti kubwa. Watu wa soba waliokuwa darasani walisema huko ni kumtoa mtu kamba moja na kumfunga nyingine. Mwalimu alitusikiliza, kisha akasema yeye aliacha bila methadoni, lakini rafiki zake sita waliotaka kuacha kama yeye wako makaburini. Darasa likanyamaza.

Siku nyingine tulifanya maigizo. Yeye alikuwa teja mwenye arosto: kamasi zinamtiririka, amejikunja, mifupa inamuuma. Mimi mshauri. Nikamuuliza kwa upole wote nilioufundishwa, "Kwa nini hukuacha mapema?"

Akainua kichwa. "Dada, hilo ni swali la nyumbani. Teja ameulizwa hilo mpaka amechoka. Nani amekufundisha?"

Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa namuuliza mdogo wangu swali hilo kila wiki, miaka tisa. Nikalia mbele za watu, nikasema yote, pamoja na ule mkono niliouficha.

Nilitumaini kwamba nikimaliza mafunzo nitakwenda kumtoa maskani mimi mwenyewe. Mwalimu akanikatalia. Mshauri hamshauri ndugu yake, alisema. Kwake utabaki dada, na dada pia anahitajika. Niliiona ni kanuni ya kikatili, na siku nyingine bado naiona hivyo.

Tanga nayo ilipata kliniki ya methadoni, na mdogo wangu hupita dirishani kwangu kila asubuhi akienda kunywa dawa. Mshauri wake ni mmoja wa wale walioinua mkono swali la kwanza, kijana wa Makorora. Anajua mambo ya ndugu yangu ambayo mimi siyajui, na siri anaitunza. Tukikutana sokoni tunazungumza bei ya samaki. Swali langu huwa liko mdomoni, naye analiona, tunarudi kwenye changu na dagaa.