Merikebu za Mti Zilizofagia Bahari ya Japani

Wengi wamesikia habari za manowari za chuma na mizinga yake. Ni wachache waliosikia habari za merikebu ndogo za mbao zilizoundwa Japani baada ya vita, zisizosifiwa kwa ukubwa wala kwa nguvu. Kazi yake ilikuwa moja tu: kutegua mabomu yaliyotegwa baharini, ili wavuvi na wasafiri wapite salama.

Asili ya mambo haya ni mwaka 1945. Mwezi wa Machi ndege kubwa za Marekani zilianza kuangusha mabomu katika mlango wa bahari wa Shimonoseki na penye bandari za Japani, ili chakula na makaa visipate kupita. Hata vita vilipokwisha mwezi wa Agosti, yalikuwa yameangushwa zaidi ya 12,000. Haya hayakuwa kama mabomu ya zamani yaliyofungwa kwa mnyororo, yakielea na kungoja kugongwa. Yalilala chini kabisa. Kila merikebu ya chuma ni kama sumaku kubwa. Ipitapo juu, bomu huitambua na kulipuka. Mengine yaliamshwa na mlio wa mitambo. Tena mengi yalitiwa hesabu: merikebu ya kwanza hupita salama, na ya pili pia, kisha bomu hulipuka chini ya ile ifuatayo. Kwa hiyo mahali palipofagiwa mara moja hapakuwa salama bado.

Vita vikaisha, lakini mabomu hayakupata habari za amani. Pamoja na hayo ya Marekani, yalikuwako mengine zaidi ya 50,000 ambayo Wajapani wenyewe walikuwa wameyafunga baharini kuzilinda pwani zao. Mabaharia wapatao 10,000 wakarudishwa kazini, wakapewa vyombo vidogo, vingi vyake vya mbao, kwa maana mti hauiamshi sumaku ya bomu. Walikokota nyuma yao waya mnene wenye nguvu ya umeme, hata bomu likadhani kwamba merikebu ya chuma inapita, likalipuka mbali na chombo. Kazi hiyo iliwaua watu 79. Mwaka 1952 walisimamishiwa jiwe la ukumbusho huko Kotohira, katika kisiwa cha Shikoku.

Mwaka 1954 Japani ilianzisha kikosi kipya cha bahari, na mafundi wake wakaanza kuunda merikebu mpya za kazi hii. Mwaka 1956 ilitoka Atada, ya mbao, yenye tani 240 hivi. Tangu mwaka 1958 zikafuata merikebu za namna ya Kasado, zikapata 26, nazo zilikuwa na tani 340 hivi. Nyingi zilipewa majina ya visiwa. Hata mitambo iliundwa kwa madini yasiyovutwa na sumaku, kwa kuwa ubao hauna faida ukibeba mzigo wa chuma tumboni. Kazi ilikuwa bado ipo: mwaka 1972 chombo cha kuchimba matope kililipuka katika bandari ya Niigata, miaka 27 baada ya vita.

Mwaka 1979 ilianza kazi Hatsushima, ya tani 440, na wenzake wakafuata. Sasa mabaharia hawakukokota waya tu. Walitafuta bomu moja moja kwa mlio upelekwao majini na kurudi kama mwangwi, kisha wakatuma chombo kidogo kisicho na mtu, au wapiga mbizi. Mwezi wa Aprili 1991, baada ya vita vya Kuwait, merikebu nne za namna hii zilisafiri mwezi mzima mpaka Ghuba ya Uajemi, pamoja na merikebu mbili za kuzisaidia. Huko ziliangamiza mabomu 34, zikarudi kwao mwezi wa Oktoba bila kufiwa na mtu.

Lakini mti nao una udhaifu wake. Huchakaa upesi kuliko chuma, na mafundi wajuao kuunda merikebu kubwa ya mbao walizidi kupungua. Hirashima, iliyoanza kazi mwaka 2008, na dada zake wawili, zilikuwa za mwisho kuundwa kwa mbao. Mwaka 2012 ikaja Enoshima, ya tani 570, ambayo mwili wake ni nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa utomvu mgumu. Hauvutwi na sumaku, wala hauozi. Tena mti huwaka: mwezi wa Novemba 2024 Ukushima, merikebu ya mbao, ilishika moto karibu na pwani ya Fukuoka, ikazama, na baharia mmoja akapotea.

Basi tuihesabu kazi hii yote. Ndege ziliangusha mabomu kwa muda wa miezi mitano. Kuyaondoa kumechukua maisha ya watu wengi, na miaka mingi kuliko umri wa mzee. Atada, Kasado, Hatsushima, Hirashima: kila moja ilirithi kazi ambayo iliyotangulia haikuimaliza. Waliotega walirudi kwao wakazeeka. Watoto wasiozaliwa wakati ule ndio walioshika waya na kuendelea kufagia.