Gemu za sarafu zilivyoingia majumbani, na tofauti yake na kamari

Tangu msako wa mwaka 2018, serikali ilipokamata na kuteketeza mashine za kamari zilizokuwa zimezagaa mitaani, neno "gemu" limeingia doa. Hapa Mtwapa nawasikia wazazi wakizitia kapu moja mashine zile na mabanda ya gemu za televisheni. Ni vitu viwili mbalimbali, na historia yake yaonyesha.

Gemu za sarafu zilivuma kutoka Japani: Space Invaders ya kampuni ya Taito mwaka 1978, kisha Pac-Man ya Namco mwaka 1980. Ulitia sarafu ukacheza hadi ukashindwa. Mashine haikurudisha pesa. Ulilipia mchezo, na aliye hodari alicheza muda mrefu zaidi.

Kuzihamishia nyumbani kulikuwa na kazi yake, kwa kuwa vifaa vya nyumbani vilikuwa dhaifu. Atari 2600 ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128 tu. Pac-Man yake ya mwaka 1982 iliuzwa kwa mamilioni, lakini mazimwi yalimetameta na wanunuzi wengi wakanung'unika. Nintendo ilipotoa Famicom mwaka 1983, Donkey Kong ilikuja ikiwa imepunguzwa hatua moja kati ya nne.

Wengi wetu Pwani tulizijua gemu hizi kupitia nakala za bei nafuu za Famicom, zenye pedi mbili na kaseti. Humo mlikuwa na Galaxian, Mappy na Contra, ambazo zote zilianzia kwenye mashine za sarafu. Baadaye ikaja PlayStation na Tekken 3, iliyotoka kwenye mashine mwaka 1997 na majumbani mwaka 1998. Mashine yake ilikaribiana sana na PlayStation kiufundi, kwa hivyo kilichopotea zaidi ni mandhari ya nyuma, yaliyogeuzwa picha bapa.

Nyumbani, mtu alinunua kaseti mara moja akacheza atakavyo. Banda la gemu likarudisha malipo ya kila mchezo. Ndiyo maana naliita mjukuu wa mashine ya sarafu, wala si ndugu wa kamari.

Mzazi na aulize mambo mawili. Je, mtoto analipia kucheza, au anaweka dau? Na je, kuna pesa anayotarajia kurudishiwa? Likiwepo dau, hiyo ni kamari, hata kama ni vijana wawili wanaowekeana pesa kwenye mechi ya FIFA.

Hapo ndipo wenye mabanda wana jukumu. Bango la kukataza dau, na mlango kufungwa kwa wanafunzi saa za masomo, vitalinda watoto na biashara pia. Wasipofanya hivyo, msako mwingine ukija hautabagua.