Elimu ya Mmoja, Mchango wa Wengi

Kijana wa Kisii au Nyamira akaribiapo kumaliza shule ya sekondari, huketi siku moja mezani kuandika maombi ya msaada wa masomo ya chuo. Huulizwa jina lake, alama zake na hali ya wazazi wake. Kisha mara nyingi huulizwa swali moja lililo gumu kuliko yote: elimu hiyo utawafaa nayo nini watu wa kwenu? Wengi hulijibu kwa haraka, kama wasafiri walipao ushuru wa daraja ili wapite. Lakini swali hilo lina historia, na aijuaye historia hiyo hatalijibu kwa wepesi.

Katika miaka ya 1950, njia ya elimu ya juu ilikuwa nyembamba sana kwa Mwafrika wa Kenya. Chuo cha Makerere, kule Kampala, kilikuwa na nafasi chache kwa vijana wa nchi zote za Afrika ya Mashariki; na chuo cha ufundi cha Nairobi, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 1956, kilikuwa bado kichanga. Wengi waliofaulu mitihani waliona mlango umefungwa mbele yao. Na uhuru ulikuwa waja. Nchi ingehitaji walimu, waganga, mahakimu na wahandisi wake yenyewe.

Mwaka 1959, Tom Mboya alizunguka Marekani akiviomba vyuo viwapokee vijana hao. Wamarekani weusi wenye sifa, nao ni Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, walitia majina yao katika barua ya kuwaomba watu fedha za nauli. Mwezi wa Septemba mwaka huo, wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege moja. Mwaka 1960, shirika la ukoo wa Kennedy liliahidi dola 100,000. Hata ilipofika mwaka 1963, vijana wapatao 800 wa Afrika ya Mashariki na nchi jirani walikuwa wamepelekwa kwa mpango huo.

Hata hivyo, nafasi ya chuo na tikiti ya ndege havikumtosha mtu. Zilitakiwa nguo za baridi, fedha za matumizi, na pengine sehemu ya karo. Hapo ndipo kijiji kilipoingia kazini. Pande nyingi za Kenya watu walifanya karamu za chai na dansi za kuchangisha fedha, wakauza mbuzi na ng'ombe, na wajane wakatoa walichokuwa nacho.

Kwa Wagusii jambo hili halikuwa geni. Tangu kale walikuwa na risaga, yaani kazi ya pamoja, ambapo majirani walikusanyika kumlimia mmoja wao, wakijua kuwa kesho zamu ni ya mwingine. Tena Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za Kenya ambako Waafrika waliruhusiwa kulima kahawa, katika miaka ya 1930. Jembe liliweza kugeuka kuwa karo. Wana wa Gusii wakavuka bahari. Lawrence Sagini alisoma katika Chuo cha Allegheny, Marekani, na mwaka 1962, kabla ya Uhuru, akawa Waziri wa Elimu. Zachary Onyonka alisoma Puerto Rico, kisha akapata shahada ya udaktari wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Syracuse, akarudi kufundisha, na mwaka 1969 akaingia Bungeni na kuwa Waziri.

Lakini tusiisifu historia hii upande mmoja tu. Mchango ulikuwa na uchungu wake. Mtu aliyeuza ng'ombe kwa ajili ya mtoto wa jirani huenda alimbakiza wake nyumbani. Wasichana walikuwa wachache miongoni mwa waliosafirishwa, ingawa Wangari Maathai wa Nyeri, aliyekwenda Kansas mwaka 1960 na kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 2004, aonyesha hasara ya kuwaacha nyuma. Na yule aliyechaguliwa alibeba deni lisiloandikwa popote, ambalo hakuna hakimu awezaye kulidai.

Siku hizi njia zimeongezeka. Kituo cha kufundishia walimu kilichoanzishwa Kisii mwaka 1965 ndicho kilichokua hata kikawa Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopewa hati yake mwaka 2013. Sheria ya mwaka 2003 ilianzisha mfuko wa maendeleo wa maeneo ya Bunge, na sehemu ya fedha zake ikatolewa basari. Lakini itazame fomu ya basari: mara nyingi hutakiwa sahihi ya chifu, ya kiongozi wa dini na ya mwalimu mkuu. Kijiji bado kimesimama nyuma ya mwombaji. Fedha zenyewe ni kodi, na kodi hulipwa hata na mama auzaye ndizi sokoni Keroka, ambaye pengine hakupata kuketi darasani.

Basi, kijana, ulifikapo swali lile, usiahidi kuigeuza nchi nzima. Taja jambo moja unalolijua: zahanati isiyo na mwuguzi, chemchemi iliyochafuka, watoto wa darasa la tatu wasiojua kusoma. Sema utakalolifanya, na anza kulifanya kabla majibu hayajaja. Ukipewa msaada, utakuwa umekwisha kuanza kulipa. Ukinyimwa, watu wako hawatakuwa wamepoteza kitu, nawe utaweza kuomba tena mwakani ukiwa na neno la kweli la kuandika.