Zinki na mafua: kidonge kinasaidia kweli?

Baridi ya Juni na Julai ikibana Ilembula, mkoani Njombe, mafua hayakosekani. Je, umeze zinki?

Zinki haijathibitishwa kuzuia mafua. Ukiianza mapema inaweza kupunguza siku za kuugua, ila ushahidi bado si imara. Pia huleta kichefuchefu. Mtu mzima asizidishe miligramu 40 kwa siku bila ushauri wa daktari. Maharage, nyama na karanga vina zinki pia.

Kazi yake inayojulikana zaidi ni kwa mtoto anayeharisha: tangu 2004, WHO na UNICEF wanashauri apewe siku 10 hadi 14, pamoja na ORS.

Mtoto mwenye mafua akianza kupumua harakaharaka au kifua kubonyea ndani, usihangaike na zinki. Huenda ni nimonia, muwahishe hospitali.