Misheni ya Rumonge, 1879–1881: Mtoto Alikuwa wa Nani?

Ukitoka Minago na kufuata barabara ya kando ya ziwa kuelekea kusini, unafika Rumonge. Hapo Mapadri Weupe walianzisha misheni yao ya kwanza nchini Burundi, tarehe 30 Julai 1879. Haikudumu hata miaka miwili. Insha hii inachunguza kwa nini ilianguka.

Wamisionari hao walitumwa na Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers. Msafara wao wa kwanza uliondoka Bagamoyo mwaka 1878, ukafika Ujiji Januari 1879. Wakati huo Ujiji ilikuwa soko la pembe za ndovu na watumwa, na wafanyabiashara wake walivuka ziwa huku na huko. Lavigerie aliwataka mapadri wawakomboe watoto kutoka utumwani, wawalee na kuwafundisha, wawe mbegu ya kanisa. Basi kanisa hilo lilianza na watoto waliolipiwa bei.

Tatizo liko hapo. Machoni pa padri, bei ilimweka mtoto huru. Machoni pa jirani, aliyelipa bei na kukusanya watu nyumbani mwake hakutofautiana sana na tajiri wa Ujiji. Tarehe 4 Mei 1881, ugomvi juu ya mtoto mmoja wa misheni uliishia kwenye mapigano. Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao mlei, D'Hoop, waliuawa na watu wa chifu Bikari. Misheni ikaachwa. Mapadri walirudi Burundi miaka mingi baadaye, wakaanzisha Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899, zote mbali na ziwa.

Kanisa huwakumbuka watatu hao kama mashahidi. Lakini tukiishia kwenye damu yao, tunamsahau mtoto aliyegombaniwa. Ukombozi wenyewe haukuwa bure: Adrien Atiman, aliyekombolewa utotoni Afrika Magharibi, alisomea uganga Malta, akatibu wagonjwa Karema, ng'ambo ya Tanzania ya ziwa hilihili, hadi kufa kwake mwaka 1956.

Kwa maoni yangu, Rumonge inafundisha kwamba bei ilimtoa mtoto mikononi mwa mwenye kumuuza tu. Kumpa mahali pa kuishi kwa amani kulihitaji kukubaliana na majirani, na makubaliano hayo hayakupatikana.